Amulen Amerudi Nyumbani

Jumamosi, 15 Machi 2025

Tumefika saa kumi na nusu jioni. Amulen ana miezi mitano na siku mbili, na leo ni siku ya kumi na tisa tangu madaktari wa Kampala wamfungue kifua na kuziba tundu la moyo wake. Mvua ilitushika Iganga ikatusindikiza mpaka Busia. Mke wangu Annet alimpakata njia nzima, hakukubali nimpokee hata mara moja.

Muuguzi aliyetutoa wodini alinirudia maagizo mara tatu, mimi, si Annet, kwa sababu alisema akina baba husikia nusu. Mtoto asinyanyuliwe kwa makwapa mpaka mfupa wa kifua uunge; mkono mmoja chini ya kichwa, mwingine chini ya makalio. Dawa ya kupunguza maji mwilini asubuhi na jioni. Akilala, nihesabu pumzi zake dakika nzima, kisha niandike. Ndiyo maana nimechukua daftari hili la shule la Annet.

Pumzi za leo: 38.

Jirani yetu Aboth, anayekaanga chapati ng'ambo ya ua, alikuwa ametufagilia nyumba. Mama mkwe naye alikuwepo, ametoka Buhehe asubuhi. Alisimama nje ya ua. Nilipopita na mizigo akageuka upande, nami nikatazama chini. Mimi ni Mteso wa Amukura, wao ni Wasamia, lakini katika hili mila zetu ni ndugu: mama mkwe haingii nyumba ya mkwe wake, hamgusi, hapokei kitu mkononi mwake. Annet akampelekea mtoto huko nje. Alimtazama muda mrefu bila kumshika, akaacha kapu la viazi vitamu, akaenda zake. Sikupenda. Mtu anatoka Buhehe kuja kumtazama mjukuu kama mtu anayepima nyanya sokoni?

Jumatatu, 17 Machi

Mvua kutwa. Pumzi 36. Amenyonya vizuri.

Alhamisi, 20 Machi

Wageni. Kila mmoja anaingia na mikono imeshanyooshwa kwapani mwa mtoto, na kila mmoja namzuia. Shangazi yake Annet ameudhika, amesema mtoto wa fundi wa pikipiki amekuwa mtoto wa mfalme. Nimemwambia sawa, ila ashike makalio.

Kovu ni refu kama kidole changu cha kati. Annet hulisafisha bila kutetemeka. Mimi niliyezoea kufungua injini natazama dirishani.

Jumapili, 23 Machi

Leo tumeongea lile ambalo tulikuwa tunalizunguka. Annet anafundisha chekechea upande wa Kenya, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu ukivuka mpaka. Mwalimu mkuu amemwekea nafasi muhula mzima wa kwanza. Wa pili unafunguliwa tarehe 28 Aprili, na safari hii hatangoja.

"Yaya nitampata wapi wa kumwachia mtoto kama huyu?" akasema. "Na mama hawezi kulala hapa."

"Mimi nitakaa naye."

Akanitazama kuona kama natania.

"Na gereji?"

"Fidel ataishika. Nitakwenda jioni ukirudi, na Jumamosi."

Hakusema ndiyo. Alisema tutaona. Lakini alilala kabla yangu, jambo ambalo halijatokea tangu Oktoba.

Jumanne, 1 Aprili

Uzito kilo 5.1. Barabara ya Masafu imekuwa uji mtupu. Leo tulimpelekea Daktari Sylvia barua ya Kampala. Huyu ni daktari wa hospitali ya Masafu, na Kampala walisema kukitokea lolote tuanzie kwake. Ni mwanamke kijana, mpole, anaandika polepole. Amenipa namba yake ya simu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama mkwe huja kila Alhamisi, siku anayoleta mihogo yake mjini. Anakaa kwenye kibanda cha Aboth, mgongo wake kwa mlango wetu. Annet anampelekea mtoto. Bibi anamwekea kidole kwenye kiganja, basi. Hajampakata bado.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Tulikula kuku. Amulen alicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza, na aliyemchekesha si mimi wala Annet, ni mfuniko wa sufuria ulioanguka. Tuliuangusha mara kumi na tano.

Jumatatu, 28 Aprili

Annet ameondoka saa kumi na mbili na nusu, amerudi mlangoni mara mbili. Maziwa aliyokamua yako kwenye vikombe viwili vyenye mifuniko, ndani ya beseni la maji baridi.

Saa tatu amelia. Saa nne amelia. Saa tano nimegundua kwamba ukimtembeza ukiimba wimbo wa tenzi kwa Kiteso ananyamaza, ukiacha kuimba anaanza tena. Nimeimba tenzi zote ninazozijua na moja ya siasa.

Fidel, msaidizi wangu wa gereji, alipita kuulizia ufunguo wa kabati la vifaa. Akanikuta na kitambaa begani. "Buda, sasa wewe ndiye mathe?" Alicheka peke yake kwa kuniita mama. Halafu akakaa, akamtazama Amulen, akaniuliza kama inauma. Nikamwambia haimuumi tena. Akasema, "Si yeye. Nimeuliza wewe."

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Annet yuko nyumbani. Nimelala mchana kama gogo.

Alhamisi, 8 Mei

Leo ni mara ya kwanza mama mkwe kuja Annet akiwa kazini. Nilikuwa nimekaa mlangoni na mtoto, yeye kwenye kibanda cha Aboth, hatua kumi hazifiki, mgongo umenigeukia. Mazungumzo yote yalipitia kwa Aboth, aliyekuwa anasukuma chapati katikati yetu.

"Aboth, uliza huyo baba mutoto nakunywa maziwa?"

Aboth ananigeukia: "Nauliza mutoto nakunywa?"

"Amekunywa kikombe kizima."

"Nasema kikombe mzima."

"Uliza yeye kofia ya mutoto iko wapi. Hii upepo si mzuri."

Nikaenda kuleta kofia. Kisha soksi. Kisha akauliza mbona mtoto amelazwa chali, mbona nguo ina vifungo mgongoni, mbona nyumba haina moshi, nimepika nini. Nilijibu yote kwa adabu, lakini ndani nilikuwa nachemka. Jioni nilimwambia Annet mama yake anakuja kunikagua. Yeye akasema, "Anataka kumshika, hajui atampokeaje kutoka kwako." Nikasema anaweza kumwomba Aboth. Annet akasema, "Aboth ana unga na mafuta mikononi kutwa, na mama anaogopa kumwangusha. Wewe ndiye umewatisha watu wote na makwapa yako."

Sikukubali. Ila naandika hapa kwamba aliyasema hayo.

Jumapili, 11 Mei

Kile kibomba cha plastiki cha kupimia dawa, tulichopewa Kampala, nimekikanyaga asubuhi. Nimenunua kingine sokoni, chembamba kidogo.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua tangu alfajiri. Pumzi 40.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. 42. Hakumaliza maziwa. Annet anasema ni meno.

Jumatano, 14 Mei

Pumzi 46. Nilihesabu mara mbili. Mara ya pili nilipata 44, nikaandika 44 kichwani. Sasa naandika ile ya kwanza. Kope zake zimevimba, kama mtu aliyelia sana, na hakulia. Tumekubaliana kesho jioni Annet akirudi twende Masafu.

Ijumaa, 16 Mei, Masafu

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi ya watoto. Amulen amelala. Annet amelala ubavuni mwake. Nitaandika yote ya jana, kwa sababu nikiacha nitayapanga vizuri kuliko yalivyokuwa.

Annet aliondoka kama kawaida. Mvua ilianza saa tatu, ile ya matone mazito. Aboth alikuwa amekwenda Tororo kwa dada yake, kibanda kitupu. Saa nne mama mkwe akafika na mfuko wa plastiki kichwani, akakaa mahali pake akanipa mgongo. Hatukuwa na wa kutupitishia maneno, basi tukanyamaza. Nilimwekea Amulen kikombe mdomoni akageuza uso. Nikajaribu tena. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso, na siku ilikuwa ya baridi. Nikafungua vifungo. Ngozi kati ya mbavu zake ilikuwa inaingia ndani kila akivuta hewa. Nilihesabu mpaka thelathini, nikaona dakika haijafika nusu, nikaacha kuhesabu.

Nikampigia Annet. Simu yake imezimwa, darasani huizima. Nikampigia Daktari Sylvia, akasema kitu kimoja tu: "Mlete sasa hivi."

Gari hakuna. Waendesha boda wote walikuwa wamejificha mvua, na pikipiki yangu ilikuwa pale ukumbini. Lakini mtoto wa kifua kile humfungi mgongoni wala tumboni. Anahitaji mtu wa kumshika wima, nyuma ya dereva. Nilisimama mlangoni na Amulen mikononi, nikaangalia barabara, hakukuwa na mtu hata mmoja. Nikaangalia mgongo wa mama mkwe.

Nikasema, nadhani nilikuwa nasemesha ukuta, "Mtoto anashindwa kupumua. Inabidi Masafu."

Aligeuka. Miaka minne nimemwoa binti yake, na sikuwa nimewahi kuuona uso wa mama huyu ana kwa ana. Ni uso wa Annet, umekonda tu. Alivuka ua kwenye mvua, akapanda ngazi yangu, akanyoosha mikono. Mmoja kwa kichwa, mmoja kwa makalio, sawasawa kabisa. Alikuwa ametutazama wiki zote hizo akijifunza. Nikamwekea mtoto mikononi na vidole vyetu vikagusana.

"Washa pikipiki," akasema.

Nilileta koti langu la mvua nikawafunika wote wawili. Alipanda kwa kutanua miguu kama mwanamume, gauni limepanda magotini, mama wa kanisa, mke wa marehemu katekista. Akamweka Amulen kati ya kifua chake na mgongo wangu. Nilihisi joto la mtoto kwenye uti wa mgongo. Mkono mmoja wa mama mkwe ulinishika kiunoni kwa nguvu, na haukuniachia mpaka Masafu.

Barabara sitaieleza. Mahali pawili maji yalifika kwenye injini. Kila mara alisema karibu na sikio langu, "Napumua. Yuko napumua. Wewe angalia mbele." Sijui alisema mara ngapi. Mahali penye mteremko gurudumu la nyuma liliteleza tukalala upande karibu tuguse tope, akaweka mguu chini, akasukuma, tukasimama tena. Kiatu chake kilibaki hapo. Hakuniambia mpaka tulipofika.

Daktari Sylvia alikuwa anatusubiri mlangoni. Wakamwekea hewa puani, wakamchoma dawa, wakapiga picha ya kifua, wakapiga simu Kampala. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mapafu. Baada ya saa moja na nusu alikojoa nepi mbili mfululizo, na pumzi zikaanza kushuka. Sijawahi kushukuru nepi.

Hapo ndipo daktari akaniuliza, "Baba Amulen, dawa mnampa kiasi gani?"

Nikatoa kibomba mfukoni. "Mpaka hapa," nikasema, nikamwonyesha kwa kidole. Alikichukua akakigeuza kwenye mwanga. Akaniuliza kama ndicho tulichopewa Kampala. Nikasema kile kilivunjika, hiki nimenunua, ila nimepima urefu uleule.

"Urefu uleule," akasema, "lakini hiki ni chembamba. Amekuwa akipata nusu."

Nimepima oili kwa macho tangu nina miaka kumi na saba. Nilikaa chini kwenye sakafu, mbele ya watu. Daktari hakunikemea. Alisema si mara ya kwanza kuona hili, akachora mstari kwa wino kwenye kibomba cha hospitali, akanipa viwili. Mama mkwe alikuwa amesimama pale, peku mguu mmoja, amesikia kila neno.

Annet alifika saa kumi, amelowa, baada ya kuwasha simu na kukuta ujumbe wangu. Mama yake akamwambia mtoto yuko salama, maji yalipanda, dawa imeyashusha. Akaishia hapo. Nilingoja aendelee. Akageuza uso, akaenda kutafuta chai.

Jumamosi, 17 Mei

Bado Masafu. Pumzi 34. Anacheza na bomba la hewa.

Jumapili, 18 Mei

Tumeruhusiwa. Tulipofika nyumbani nilimwambia Annet habari ya kibomba. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanipotea, nikasema tu, "Ni mimi. Nilimpa nusu ya dawa siku nne."

Alitoka nje akaosha vyombo vyote, hata vile safi. Aliporudi alikuwa na macho mekundu.

"Mama anajua?"

"Alikuwepo."

"Hakuniambia."

"Najua."

Akakaa kitandani. "Siku ya Jumanne niliona hajamaliza maziwa, nikasema meno," akasema. "Nilitaka yawe meno ili niende kazini." Tukakaa hivyo, mtoto katikati, akitupiga mateke wote wawili bila ubaguzi. Kisha Annet akachukua rangi yake nyekundu ya kucha, akapaka juu ya mstari wa wino kwenye vibomba vyote viwili, akavianika dirishani.

Alhamisi, 22 Mei

Mama mkwe amekuja. Amekaa mahali pake, mgongo kwangu. Aboth amerudi, chapati zinaendelea.

"Aboth, uliza huyo baba mutoto nakunywa?"

"Amekunywa."

Nikaingia ndani nikatoa kiatu kipya cha plastiki, jozi, nilichomtafutia sokoni kwa kukisia. Nikampa Aboth ampe. Alivivaa. Akavijaribu kwa hatua mbili.

"Sema yeye kiatu nafinya kidogo."

Aboth akanigeukia. "Nasema asante," akasema.

Jumapili, 1 Juni

Buhehe, kwa wazee. Mjomba mkubwa wa Annet alikuwa amesikia habari za pikipiki na alitaka jambo litengenezwe, maana mama mkwe na mkwe wamegusana mchana kweupe barabara nzima ya Masafu. Nilikwenda na kuku jike mweupe, kama walivyosema. Mzee akaongea sana. Akaniuliza kama ninajuta.

Nikasema ninaheshimu mila, na kuku huyu nimemleta kwa moyo mmoja, lakini kujuta siwezi.

Mama mkwe akasema kutoka jikoni, bila kujionyesha, "Hata mimi."

Mzee akatazama paa. Akasema basi, kuku achinjwe. Tulikula wote, wao ndani, mimi nje. Mvua ilipita mbali, upande wa ziwa, haikutufikia.

Jumatano, 4 Juni

Jua. Nguo zote zimekauka.

Alhamisi, 12 Juni

Tororo. Daktari wa moyo kutoka Kampala alikuwa na kliniki huko leo. Tulipanga foleni tangu saa moja, mbele yetu mama mmoja na mvulana wa Iyolwa anayesubiri kupasuliwa mwezi ujao. Mama huyo alimtazama Amulen kama mtu anayesoma barua. Annet akafungua kifungo kimoja, akamwonyesha kovu. Yule mama aligusa kovu kwa ncha ya kidole, akashukuru.

Daktari alipitisha kile kifaa chenye mafuta kifuani, akatuonyesha kwenye kioo. Kiraka kimeshika pande zote. Damu haivuji. Mapafu makavu. Dawa ipunguzwe wiki mbili, kisha iachwe. Kilo 6.4.

"Sasa ni mtoto tu," akasema. "Mleeni kama mtoto."

Nilitoka nje nikanunua soda tatu, nikakumbuka tuko wawili wanaokunywa. Ya tatu tulimpa mama wa Iyolwa.

Jumapili, 15 Juni

Fidel amesema kwa upole kwamba wateja wananiulizia na yeye breki hazimpendi.

Aboth ndiye aliyelimaliza jambo. Alikuja na sahani ya chapati, akasema ana chumba cha nyuma, kitupu tangu binti yake aolewe Malaba. "Nyumba yangu si nyumba ya mukwe," akasema. "Mama ya Annet nalala kwangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Mutoto nakuja hapo asubuhi. Mila nasema nini juu ya hiyo?"

Mila haisemi kitu juu ya hiyo. Annet alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilisema ni wazo zuri. Usiku mzima sikulipenda.

Jumatatu, 23 Juni

Mama mkwe alifika jana jioni na mkeka, sufuria moja na Biblia. Leo asubuhi Annet alimvusha mtoto ua, hatua kumi, akaenda shule. Nikabaki nyumbani peke yangu na beseni tupu. Nikavaa ovaroli. Inanibana tumboni.

Gereji, Fidel alinipokea kama nimetoka ng'ambo. Nilifunga mnyororo wa pikipiki moja mara tatu, na mara zote tatu niliufunga vibaya. Saa nne nikamwambia nimesahau spana namba kumi na nne nyumbani.

Nilipita nyuma ya ua ili nisionekane. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, na Amulen amelala chali kwenye mapaja yake, macho wazi. Alikuwa anamsimulia jambo kwa Kilusamia. Kilusamia changu ni cha sokoni, lakini nilishika neno maji, na neno pikipiki, na mahali fulani alinguruma kama injini inayokataa kuwaka. Amulen akapiga kelele ya furaha. Kisha bibi akashusha sauti, na nikamsikia akinitaja mimi niliyeendesha. Annet kwa Kilusamia huniita mwanaume wangu, nikimuudhi na nikimfurahisha. Ila yeye alisema mwanangu.

Nilisimama pale mpaka mtoto akafumba macho. Sikuingia.

Fidel aliponiona akauliza, "Spana iko wapi?"

Nikasema sikuiona. Akanitazama usoni kidogo, akanipa yake, akarudi kwenye kazi yake.